Tano Nukta Tatu

"Mama, tafuna hata kidogo. Ni muhogo tu huu, si wali."

"Sitaki."

Bi Mwajabu alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha afya, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi. Jasho lilimtiririka shingoni, na jua lenyewe lilikuwa bado halijapanda. Mikono ilimtetemeka. Akaiingiza chini ya mapaja akaikalia, mtetemeko ukahamia mabegani. Binti yake, Muzdalifa, alikuwa amemwinamia na kipande cha muhogo wa kuchemsha, anambembeleza kama mtoto mwenye homa.

"Tangu Jumamosi, mama. Leo Jumanne. Maji na mlenda, maji na mlenda, na vidonge unameza vilevile. Utaanguka hapa."

"Nikianguka niokote. Nikishapimwa n'takula."

Jirani yao wa benchi, Bi Sikujua, mwanamke mnene wa kijiji cha pili ambaye naye alikuwa mgonjwa wa sukari, akacheka puani.

"Mwache mama'ko, mwanangu. Weye mgeni hapa. Miye mwenyewe tangu juzi tumboni hamna kitu, uji wa chumvi tu. Siye tunaosha damu."

"Mnaosha damu?"

"Ndiyo. Ukija umeshiba mashine inakusema. Ukija umeosha, inakaa kimya." Akamgonga Bi Mwajabu begani. "Kaza, mwenzangu. Wamebaki watatu mbele yetu."

Kuosha damu hakukufundishwa na daktari yeyote. Kulizaliwa pale pale kwenye benchi. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi ilikuwa siku ya sukari, na namba ya mgonjwa haikusemwa kwa siri. Nesi Safina aliisoma kwa sauti, mlango wazi, na aliyezidi alikemewa mbele ya wenzake. Mwezi uliopita sukari ya Bi Mwajabu ilisoma kumi na tisa. Nesi alilinyanyua daftari lake juu kama mwalimu aliyekamata mwizi wa chaki.

"Jamani, mtazameni Bi Mwajabu wa Mbuchi! Serikali inaleta dawa, yeye analeta wali wa nazi!"

Benchi zima lilicheka, hata wale wenye ishirini. Na huyu ni mwanamke ambaye kijijini kwao hakuna harusi iliyopikwa bila yeye kushika mwiko. Alirudi nyumbani siku ile hasemi na mtu. Usiku alimwambia Muzdalifa neno moja tu, kwamba hatachekwa tena.

Juu ya benchi, ukutani, palikuwa na barua ya pongezi ndani ya fremu. Ilisema kwamba wagonjwa wanane katika kila kumi wa kituo hiki sukari yao imedhibitiwa. Muzdalifa aliisoma mara mbili, kisha akawatazama wale wanawake waliopanga mstari midomo imewakauka.

Yeye hakuja kwa ajili ya namba. Alikuja kwa ajili ya mguu.

Wiki tatu nyuma walikuwa shambani, wanaamia ndege wasimalize mpunga. Jioni, chini ya dungu lao, kile kibanda cha miti cha kulindia shamba, mama yake alikuwa anabanika samaki. "Geuza huyo samaki, anaungua," akamwambia binti yake. Muzdalifa akageuza. Samaki alikuwa mbichi bado. Harufu ya kuungua ikazidi. Wakatazamana, wakatafuta, wakachungulia hata kanga zao. Ndipo Muzdalifa akaona moshi unatoka chini ya unyayo wa mama yake. Alikuwa amesimama juu ya kaa la moto, ametulia tuli, kama mtu aliyesimama juu ya mkeka.

Sasa unyayo ule wa kushoto ulikuwa na shimo la kuingia kidole gumba, na kidole cha mwisho kilikuwa kimegeuka rangi ya ukwaju. Mhudumu wa zahanati ya kijijini alikitazama akatikisa kichwa. "Hiki ni cha hospitali kubwa, cha madaktari wa kukata. Na huko huendi bila barua ya rufaa kutoka kituo cha afya. Nenda siku ya sukari." Ndiyo maana walipanda boti na maji ya alfajiri. Barua. Basi, hicho tu ndicho alichokitaka Muzdalifa katika dunia nzima siku ile.

"Mwajabu wa Mbuchi!"

Bi Mwajabu akainuka, akayumba, Muzdalifa akamdaka kiuno. Nesi Safina alichoma kidole, akakikamua, akagusisha damu kwenye stripu, kile kipande chembamba kinachochomekwa kwenye mashine. Mashine ikawaza. Benchi zima likanyoosha shingo.

"Tano nukta tatu!" Nesi akaitazama mara ya pili. "Bi Mwajabu! Kutoka kumi na tisa? Haya, jamani, makofi! Mnaona? Mtu akisikia, anasikia!"

Wakapiga makofi. Bi Sikujua alipiga na kigelegele juu yake. Na Bi Mwajabu akatabasamu, akayaonyesha meno yote, hata lile pengo alilokuwa akilificha kwa ulimi. Muzdalifa hakuwa ameliona tabasamu lile tangu baba yake azikwe. Akakishusha kile kipande cha muhogo.

Ndani ya chumba, tabibu Bashiru alikuwa kijana mwenye macho mekundu, na nje alikuwa na watu sitini wanaomsubiri. Aliandika bila kuinua kichwa.

"Hongera, mama. Sukari imekaa vizuri sana. Kidonge kimoja tunapunguza. Tuonane baada ya miezi mitatu."

"Daktari," Muzdalifa akasema, "mama ana kidonda mguuni."

"Kimekauka," Bi Mwajabu akadakia.

"Mama!"

"Nimesema kimekauka. Mtoto huyu ana hofu, daktari. Kila kitu kwake msiba."

Bashiru akamtazama Muzdalifa kwa huruma ya mtu mwenye haraka. "Dada, mwenyewe anasema kimekauka. Anayefuata!"

Muzdalifa alimwangalia mama yake. Bi Mwajabu alikuwa anatazama ukuta, shingo imenyooka, bado ana yale makofi masikioni. Miaka ishirini na mbili Muzdalifa hakuwahi kulivuka neno la mama yake mbele ya mgeni. Akapiga magoti sakafuni, akaushika ule mguu, akavuta soksi.

Harufu ikajaa chumba kizima. Mzee aliyekuwa ameshaingia mlangoni akajifunika pua kwa kofia yake, akarudi kinyumenyume. Bashiru akainuka, akafungua dirisha, akasimama pale kidogo akipumua. Halafu, haki yake lazima isemwe, alirudi, akachuchumaa, akatazama kwa karibu. Akabonyeza kile kidole cheusi.

"Unasikia maumivu, mama?"

"Unanigusa?" Bi Mwajabu akauliza.

Bashiru akauachia mguu. Akakaa tena kitini, akavuta fomu ya rufaa, akaandika jina, umri, kijiji. Kisha kalamu ikasimama hewani.

"Tano nukta tatu," akasema polepole.

"Vipi, daktari?"

"Fomu inataka sukari ya leo. Mwezi uliopita nilimpeleka bibi mmoja ana kidonda kama hiki, sukari saba. Hospitali kubwa wakamrudisha na maandishi kwamba mgonjwa ametulia, kidonda kisafishwe kituoni. Na mimi kituoni nina pamba na spiriti, basi."

"Si uandike ulivyoona kwa macho yako?"

"Macho yangu hayana uzito kwenye fomu, dada."

"Basi andika ile kumi na tisa."

"Ile ni ya mwezi uliopita."

Muzdalifa akainuka kutoka sakafuni. "Hajala siku tatu, daktari! Hiyo tano ni njaa! Wote hapo nje wana njaa, waulize!"

Bashiru akaenda akausukuma mlango ukafungika. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Najua. Unafikiri sijui? Lakini hilo usilitangaze. Taarifa inakwenda wilayani kila mwezi, na mkubwa wangu anaipenda ile barua ya ukutani kuliko watoto wake." Akajipangusa uso. "Sikiliza. Stripu ni moja kwa kila mgonjwa. Ila nina moja nimeiweka kwa dharura. Njooni saa saba. Ikisoma tano tena, sina la kufanya. Ikisoma juu ya kumi na tano, naandika."

Akamtazama Muzdalifa, kisha haraka akatazama makaratasi yake.

"Kuna kibanda pale nje ya geti," akasema. "Mimi sijakwambia kitu."

Kufika saa saba maji ya mkondo yangekuwa yameshatoka na boti imeshaondoka bila wao. Wangelala kwenye baraza la watu. Muzdalifa hata hakuliwaza mara mbili. Alimshika mama yake mkono mpaka kibandani, akamkalisha kwenye ubao, akaagiza sahani ya wali, maandazi manne na soda mbili za chungwa.

Bi Mwajabu alikuwa ameuvuta mguu wake chini ya kanga. Sasa akasema, bila kumtazama, "Umenivua nguo mbele za watu, Muzdalifa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekuzaa mimi."

"Nisamehe. Kunywa hii."

Bi Mwajabu akaitazama soda. Miaka minne hakuwa ameigusa. Harusini alipika birika za juisi akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Unataka kuniua?"

"Nataka barua, mama. Wanataka namba kubwa ndiyo watoe barua. Tuwape."

"Asubuhi wanataka ndogo, mchana wanataka kubwa."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe unawasikiliza."

"Nifanyeje miye?"

Bi Mwajabu akapangusa mdomo wa chupa kwa kanga. Akainua chupa, akanywa, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili akaishusha nusu nzima na macho ameyafumba. Kisha njaa ya siku tatu ikamshika. Alikula wali kwa pupa, punje zinamwanguka kifuani.

"Wali wa jana huu," akasema mdomo umejaa. "Na nazi wameionea choyo."

Bi Sikujua akapita anaelekea barabarani kutafuta bodaboda, mfuko wa vidonge mkononi. Akasimama, akashika kiuno.

"Haa! Mwenzangu! Makofi hayajapoa, weye ushafungua soda mbili! Si ungesubiri angalau tutoke getini!" Akacheka mpaka mwenye kibanda naye akacheka. "Sisemi kwa nesi, usihofu. Ila tamaa hiyo, Bi Mwajabu, tamaa!"

Bi Mwajabu akaacha kutafuna. Muzdalifa alitaka kumweleza yule mama, akafungua mdomo, akaona maelezo ni marefu na hayana mahali pa kuanzia. Akasukuma andazi jingine mbele ya mama yake.

"Malizia."

Akamalizia. Akanywa na chupa ya pili. Baada ya hapo aliegemea nguzo ya kibanda, kope nzito, mdomo mkavu, akaomba maji mara tatu.

Saa saba benchi lilikuwa limebaki na watu wachache wanaosubiri dirisha la dawa. Nesi Safina hakufurahi kuifungua mashine tena. Alichoma kidole kingine, akasubiri, akasoma, akaruka.

"Astaghafirullahi! Kumi na nane nukta moja! Bi Mwajabu, asubuhi tano! Umekwenda kula nini wewe?"

Vichwa vyote vikageuka. Bi Mwajabu akavuta kanga mpaka usoni.

"Alhamdulillahi," Muzdalifa akasema.

Lilimtoka lenyewe, tena kwa sauti. Nesi Safina akamtazama kama mtu aliyeona kichaa akiingia msikitini na viatu.

"Binti, unamshukuru Mungu mama'ko kuwa hivi?"

Nesi akasonya, akapeleka daftari ndani. Bashiru aliandika haraka, kichwa chini, akagonga muhuri, akatoa karatasi kupitia mlango bila kutoka. Wala hakuwaangalia.

Nje kwenye baraza Muzdalifa akaifungua ile barua. Alisoma kama walivyofundishwa darasa la tano, kidole chini ya kila neno, midomo inacheza bila sauti. Jina. Umri. Kidonda cha unyayo wa kushoto, kidole cha tano cheusi. Sukari ya leo, kumi na nane nukta moja. Chini kabisa, mbele ya neno Sababu, kwa mwandiko uleule wa haraka, palikuwa na maneno matano.

Mgonjwa hafuati masharti ya chakula.

Akarudia kusoma. Akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna lingine. Nyuma palikuwa peupe.

"Kaandika nini?" Bi Mwajabu akauliza. Alikuwa ameketi ukutani na mguu ameunyoosha, sauti nzito kama ya mtu aliyeamshwa.

"Kaandika mguu."

"Basi?"

"Basi."

Bi Mwajabu akatikisa kichwa taratibu. Akajaribu kulamba midomo iliyokauka.

"Na ile tano? Kaiandika?"

Muzdalifa aliikunja barua mara mbili, mara tatu, akaitia kifuani.

"Kaiandika, mama," akasema. "Juu kabisa."