Wageni Waliochoka Kungoja Kutambulishwa

Mkuu wa chuo chetu ni mjomba wangu, mdogo wake mama. Kazini namwita Mkuu, nyumbani namwita Mjomba, na siku ile ya wageni sikutaka hata kumtazama usoni.

Nilikuwa nimeililia ofisi ya wageni mpaka mate yakanikauka. Nilitaka tulete wasomi kutoka kila pembe ya dunia, wakae nasi muhula mzima, wanafunzi wetu wabishane nao na kula nao. Nikapewa meza, kiti na muda wa majaribio. Majaribio yakawa aibu tupu, kila mgeni aliyekuja alizungumza na viti. Sasa mwenyekiti wa baraza, mzee mkavu ambaye hata kwenye picha zake za harusi amenuna, alikuwa amenipigia simu kunieleza kwamba leo anakuja kujionea mwenyewe. Akikuta ukumbi mtupu tena, ofisi anaifunga.

Ukumbi ulikuwa mtupu kwa sababu ya Mjomba, na kila mtu alilijua hilo isipokuwa Mjomba. Wenzake wakishika kipaza sauti husema itifaki imezingatiwa, kisha huendelea na yao. Yeye huizingatia kweli. Humsalimu mmoja mmoja kwa cheo chake, kuanzia mwenyekiti hadi kiongozi wa bweni, kisha husimulia jinsi chuo kilivyojengwa, tofali kwa tofali, ndipo aanze kumtambulisha mgeni tangu alipozaliwa. Mgeni hubakiwa na muda wa kusema asanteni. Wanafunzi wakajiondokea zao.

Tena kwetu mgeni haonekani mpaka atambulishwe. Kwa hiyo wageni wangu watatu niliwaweka kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa. Alikuwepo Mzee wa Nyota, aliyekuwa akitazama mbingu tangu ujana na bado anajikwaa kwenye kila ngazi. Alikuwepo Bwana Nyuki, kijana mrefu aliyechunguza namna nyuki wanavyoelekezana njia kwa kucheza. Na alikuwepo Mama Mafundo, mwanahisabati wa mafundo ya kamba, mfupi mnene, kutoka nchi ya baridi, aliyesoma Kiswahili miaka mingi na kukizungumza polepole kama anayepanga vyombo vya udongo. Chumba kilikuwa cha moto, nikawafungulia mlango wa nyuma wapate hewa, kisha nikaenda kukaa ukumbini.

Mbele alikaa mwenyekiti peke yake, na nyuma yangu walisinzia wahadhiri wachache walioburutwa. Mjomba alisalimu. Akasalimu tena. Alipofika kwenye msingi wa maktaba, mwenyekiti alitazama saa yake, akanitazama mimi, na moyo wangu ukaniambia kazi ndiyo imekwisha.

Hatimaye Mjomba alinyoosha mkono kwa madaha kuelekea mlangoni akawaita wageni. Hakutoka mtu. Akaita tena. Nilikwenda mbio kuchungulia, nikakuta viti vitatu na mkoba. Kutoka nje zikaja kelele za watu wengi wakicheka.

Nyuma ya ukumbi ndipo wanafunzi wa mabwenini wanapoanika nguo. Pale, katikati ya mashati na soksi za watu, bweni zima lilikuwa limekusanyika, wengine bado na mapovu mikononi. Bwana Nyuki alikuwa akitingisha kiuno huku na huko kuonyesha maua yalipo, na safu nzima ya wasichana ikimfuata nyuma. Mzee wa Nyota alikuwa amepanga ndoo kuzunguka beseni lililokuwa jua lake, akimtembeza kijana mmoja kama mwezi. Mama Mafundo alikuwa ameshafungua kamba ya kuanikia na kuikata vipande.

Mwenyekiti alinifuata, na Mjomba nyuma yake, kipaza sauti bado mkononi ingawa waya ulishakatika. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Mafundo hakuuliza nani ana cheo gani. Alitaka watu wawili wa kujaribia, akawashika hao hao waliokuwa karibu. Mjomba alifungwa kamba toka kifundo cha mkono mmoja hadi cha pili, na mwenyekiti vivyo hivyo, ila kamba ya huyu ikipita ndani ya kamba ya yule, wakawa wamenasana.

"Tenganeni," akawaambia. "Msikate, msifungue."

Wakazunguka. Mjomba akapita chini ya kwapa la mwenyekiti, mwenyekiti akaruka kamba ya Mjomba, wakaishia mgongo kwa mgongo kama mbuzi waliofungwa mti mmoja. Wanafunzi wakapiga makelele ya maelekezo, kushoto, hapana, inama, huku wengine wakichora mchangani na kugombana kwa hoja. Kofia ya mwenyekiti ilianguka ndani ya beseni la jua. Na yule mzee mkavu akacheka, akacheka mpaka akaanguka, akamburuza Mjomba chini pamoja naye. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Mama Mafundo akawaonea huruma, akawafungua mikono. Mwenyekiti akabaki amekaa chini, anahema, akitaka aambiwe jibu.

"Lipo," alisema Mama Mafundo. "Nitalitoa darasani, Jumatatu."

Wanafunzi wakaguna kwa uchungu. Mwenyekiti aliigeuza ile kamba mkononi, akaipitisha hivi, akaipitisha vile, akaninyooshea kidole.

"Jumatatu saa ngapi?"

Nikamtajia, sauti ikinitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Niwekee kiti cha mbele," akasema. "Na muhula ujao ulete wengine."

Niliitikia kwa heshima zote, nikazunguka nyuma ya shuka la mtu lililokuwa likikauka, nikacheza peke yangu kama mwehu.