Kikombe cha Mgeni

Kikombe kilikuja kimejaa hadi ukingoni, kama kilivyokuja mwaka jana na mwaka juzi. Mkono uliokishika ulikuwa mkavu kama gome la mgunga, lakini haukutetemeka, wala halikumwagika hata tone. Naila alikipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akashukuru, kisha akafungua simu yake na kuuliza kama alivyofunzwa kuuliza.

"Susu, kwa maoni yako, maji ni tatizo kubwa hapa kijijini, ni tatizo dogo, au si tatizo?"

Kanyiva, ajuza ambaye kijiji kizima kilimwita Susu, yaani nyanya, alikifuta kikombe kwa upindo wa leso yake. "Tuko salama, mwanangu. Mungu yupo."

"Basi niandike si tatizo?"

"Andika, mwanangu. Usichelewe safari yako."

Naila akaandika.

Alikuwa binti wa wenye duka wa Mwingi, na kazi yake ilikuwa kukusanya maoni ya watu kuhusu mazingira kwa niaba ya ofisi moja ya utafiti mjini Kitui. Aliipenda kazi hiyo, kwa kuwa aliamini kwamba mnyonge akiulizwa husikika. Safari hii maoni hayo yalikuwa na uzito wa pekee. Kesho yake angeyasoma barazani mbele ya maafisa, na kwayo ingeamuliwa kama malori yaruhusiwe kuzoa mchanga wa mto wa kijiji hiki cha Makueni. Asiyeijua Ukambani atauliza mchanga na maji vina undugu gani. Mito ya huku hukauka usoni, ikaficha maji tumboni. Mchanga ndio mtungi wake, na ukishauzoa mchanga umeuvunja mtungi.

Alipomaliza nyumba zote, Naila aliteremka mtoni kumngojea mwenye pikipiki. Huko alimkuta tena Kanyiva, lakini alimwona utosi tu. Ajuza yule alikuwa ndani ya shimo la mchanga lenye kina cha kaburi, amepiga magoti, akisubiri maji yachuruzike ayachote kwa kata. Juu ya shimo alisimama mkaza mwanawe, Ndinda, akiupokea mtungi.

"Karani amekuja kutuuliza hata shimoni," Ndinda akasema. "Uliza upesi, dada, kabla kuta hazijatuangukia."

Naila hakucheka. "Susu, mbona uliniambia mko salama?"

Kata ilikwangua mchanga chini kule.

"Ulikuwa umekaa kwenye kiti changu, na maji yangu yalikuwa tumboni mwako," Kanyiva akajibu. "Ningekuambia yalikotoka, ungefanya nini, uyatapike? Mgeni hatwikwi mzigo wa nyumba."

"Na nyinyi kila mwaka mnakuja na kiu," Ndinda akaongeza.

Naila alikumbuka nyumba zote alizoingia na vikombe vyote alivyopewa. Kadiri mto ulivyokauka ndivyo vikombe vilivyozidi kujazwa, ili mgeni asiione aibu ya mwenyeji. Wasiwasi wa watu haukuwa umepungua hata kidogo, ingawa majibu yao ya kila mwaka yalionyesha hivyo. Kilichoongezeka ni haya, na yeye, pamoja na elimu yake yote, alikuwa ameihesabu haya ile kuwa shibe.

Alimpigia simu mkuu wake, Bwana Mwau, akamweleza.

"Bi. Naila, watu waliulizwa, watu wakajibu," Mwau akasema kwa upole. "Wewe ni nani uwajibie?"

Neno lile lilikuwa la haki, nalo lilimchoma kwa sababu hiyo. "Siwajibii. Lakini barazani sitasoma."

"Basi nitasoma mwenyewe. Nawe ujitafutie kazi nyingine."

Alipokata simu, Kanyiva alikuwa ametoka shimoni, akijipangusa mchanga magotini.

"Susu," Naila akasema, "kesho wageni wakija, msiwape maji."

Ndinda akautua mtungi chini. Kanyiva akamtazama binti yule kama anayetazama nyoka mlangoni.

"Kwenu Mwingi mgeni hunyimwa maji?"

"Nyanya yangu angenichapa kwa kulitamka neno hilo tu."

"Na umelitamka."

"Nimelitamka, Susu."

Ajuza akajitwika mtungi wake, akaenda zake bila kuaga.

Siku ya pili maafisa waliketi chini ya turubai, na jua la Makueni halikuwa na simile. Hawakubeba maji, kwa kuwa katika kijiji kile hapakuwa na afisa aliyewahi kuhitaji kubeba. Mwau akasimama, akasoma kwa sauti ya kujiamini: "Mwelekeo wa maoni uko wazi. Mwaka baada ya mwaka, wanaoona kwamba maji ni tatizo wanapungua." Alikohoa. Alimeza mate, akatupa jicho upande wa wanawake.

Wanawake walikuwa wameketi, mikono mapajani. Mbele yao alikuwa Kanyiva, na kikombe chake amekifudikiza juu ya goti.

"Akina mama," Chifu akasema, "wageni wetu wana kiu."

Hakuna aliyeinuka. Ndinda aliinamisha uso hadi kidevu kikagusa kifua.

"Susu Kanyiva?"

"Nimekusikia, Chifu. Na tumesikia pia kwamba maji si tatizo." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Endeleeni kusoma, wanangu. Sisi tunasikiliza."

Mwau akaifungua karatasi ya pili, akaifunga. Afisa mmoja akailegeza tai yake, akageuka kuutazama mteremko wa kwenda mtoni, kana kwamba ndiyo kwanza auone.

Naila alikuwa ameketi chini, katikati ya wanawake, koo limemkauka kama la kila mtu. Hakuna aliyempa maji hata yeye, na hakuthubutu kutamani. Alimtazama Kanyiva. Mkono ule wa gome, ambao jana haukumwaga tone, ulikuwa umekishika kikombe kitupu kwa nguvu zake zote, nao ulikuwa unatetemeka.