Jioni Zilizokaa Ndani ya Saa

Kinyozi alitandika gazeti kuukuu juu ya meza ya kulia, akailaza saa ya ukutani kifudifudi, akaanza kufungua skrubu za mgongoni kwa bisibisi aliyokuwa akikazia mashine zake za kunyolea enzi za kazi. Methali inasema kinyozi hajinyoi. Hakuna inayomkataza kufungua saa.

Saa ilikuwa ya marehemu mama mkwe wake. Ndiye aliyemlea binti yao wa pekee, sebuleni humo humo, chini ya saa hiyo hiyo, mkewe akiwa katika kiwanda cha nyuzi kwa zamu ya mchana, zamu inayomrudisha mtu nyumbani watoto wameshalala. Msumari ulioishikilia ulipong'oka, saa ilianguka ikasimama. Mkewe hakulalamika. Aliitazama tu kila alipopita, kama mtu anayechungulia mgonjwa, kisha akaenda kazini. Ndiyo maana kinyozi hakutaka kuipeleka kwa fundi.

Alipong'oa gurudumu la kwanza, jioni ikamwagika mezani. Ilikuwa jioni ya kawaida, ya manjano. Ilitiririka juu ya gazeti, ikashuka sakafuni, na ndani yake alikuwemo binti yao, hajatimiza mwaka, kashika ukingo wa kochi walilokwisha kuliuza. Akaliachia, akapiga hatua, akaanguka, akacheka. Nyuma yake mama mkwe alikuwa akikunja nguo. Kinyozi alimwamkia, mama mkwe akaitikia, akaendelea kukunja. Jua la jioni ile lilipozama, vyote vikaenda nalo. Kinyozi alirudisha gurudumu, akalitoa tena. Hakikutoka kitu.

Hapo moyo ukamwuma. Hatua hiyo ilipopigwa, mkewe alikuwa kazini. Na leo ilipotoka, yuko kazini vilevile.

Usiku alipomweleza, mkewe alivua viatu kwanza. Kisha akauliza kama mtoto aliangukia mikono au makalio. Kinyozi akasema makalio. Mkewe akasema afadhali.

"Zimebaki nyingine?"

"Zimo. Sigusi hata moja mpaka uwe umekaa hapa."

Lakini kuipata siku ndiyo ilikuwa kazi. Kila mapumziko yalipokaribia, msimamizi alisema kuna oda ya haraka. Saa ikabaki wazi mezani, wao wakawa wanakula sahani wamezipakata. Jirani yao, fundi cherehani, alipita akasema ufundi wa saa umemfika kinyozi shingoni, si bure. Kinyozi alijitia kukubali kwamba anajifunza polepole. Kila asubuhi aliipangusa vumbi kwa brashi laini aliyofutia shingo za wateja, bila kutikisa jino la gurudumu hata moja. Mikono ile ilipita kwenye visogo vya nusu ya mji na haikumkwaruza mtu. Kungoja haikuwa shida kwake.

Kisha mtambo mkubwa wa kiwandani ukaharibika, wafanyakazi wakarudishwa. Mkewe aliingia nyumbani mchana kweupe, akanawa uso, akavaa gauni la kwendea harusini, akaketi. Kinyozi akashika kibanio, akaanza kung'oa magurudumu.

Jioni zikatoka moja baada ya nyingine. Katika moja binti ana homa, amelala mapajani mwa bibi yake. Katika nyingine anamsuka mwanasesere na kumgombeza asitikisike. Mkewe alitazama zote bila kupepesa, huku akitabasamu mahali pa kutabasamu.

Katika gurudumu la mwisho, binti alikuwa na sare ya shule, ameketi mkekani, uso mlangoni. Mkewe aliinuka, akamsogelea. Mtoto akasimama, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo. Mama hayupo, yuko kazini."

"Marahaba, mwanangu. Basi nitamngoja."

"Atachelewa."

"Sina haraka."

Wakaketi bega kwa bega, wote wakiutazama mlango. Kinyozi aligundua kwamba gurudumu likiwa nusu ndani, nusu nje, jua halizami. Akalishikilia hapo hapo. Vidole vilikufa ganzi, bega likawaka moto, mkono haukutetema. Alishikilia mpaka mkewe mwenyewe akamwambia aliachie, mtoto amesinzia.

Baadaye akayasafisha magurudumu yote, akayatia tone la mafuta, akayarudisha kila moja mahali pake. Saa ikaanza kwenda. Mkewe alimshika mkono uliokuwa umekakamaa, akauchua mpaka ukalainika.

Mtambo ukatengenezwa, mkewe akarudi kazini. Binti, ambaye sasa anaishi mbali na ana watoto wake, alipiga simu kuongea na baba. Akamuulizia mama kwa adabu, kama mtu anayemuulizia jirani. Kinyozi alimjibu kwamba mama hajambo, yuko zamu.

Saa ile haijasimama tena. Inakwenda vizuri mno, na haijamchelewesha mkewe kazini hata siku moja.