Alto ya Nasambu

Mimi hutengeneza kompyuta Kitale, na sipendi mteja anayesimama nyuma yangu akinipumulia shingoni. Mwalimu Wamalwa alinipumulia. Alikuwa amestaafu, anafunza kwaya ya kanisa kule Kamukuywa, upande wa Bungoma, na kompyuta yake ya miaka kumi na miwili aliileta imefungwa kwa blanketi la mtoto. Mfumo wake ulikuwa umeachwa na waliouunda. Ukiiwasha, unapika chai na kuimaliza kabla haijafunguka. Alitaka mfumo mpya.

"Vitu vyako nitaviweka kando kwanza," nilimwambia. "Halafu nisafishe diski, niweke mpya."

"Sawa, mama. Bora nyimbo zangu zisipotee. Sina shamba la kuachia mtu. Niko na nyimbo thelathini na moja, basi."

Nilinakili barua, picha, kila kitu kilichokuwa mahali watu huweka vitu. Nikasafisha. Mashine ikawa inawaka vizuri, Mwalimu akaondoka nayo, nami nikajipiga kifua.

Kesho yake akapiga simu. "Nyimbo ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Programu yake ya kuandikia solfa, zile do-re-mi za kwaya, kuukuu ajabu, ilikuwa inaweka nyimbo ndani ya tumbo lake yenyewe. Na hiyo programu nilikuwa nimeifuta. Ningeuliza. Sikuuliza. Nikamwambia wazi kosa ni langu, na siku hiyo chakula kilinishinda.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana bana. Alisema tu, "Si waimbaji wako na karatasi? Nitaandika upya."

Jumamosi nikaenda kwake kumwekea programu nyingine ya solfa. Waimbaji wakaja, mikono mitupu. Karatasi nyingi zilikuwa zimewasha jiko zamani. Za Festus wa besi zilifungia mbegu za sukuma wiki.

"Tunazijua kwa kichwa, Mwalimu," Festus alisema. "Tangu lini tumesoma karatasi?"

Basi Mwalimu akaketi mbele ya kompyuta, miwani puani. Kila sauti ikaimba peke yake, naye akaandika. Soprano sawa. Tenori sawa. Akafika alto. Nasambu, muuza nyanya ambaye ameimba alto miaka ishirini, akaanza. Vidole vya Mwalimu vikasimama.

"Hiyo sikuandika."

"Lakini ndiyo tunaimba, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Ile yako ilikuwa inapanda sana hapo katikati, inatuumiza koo. Tukaishusha. Tukadhani umekubali, maana hujawahi kutusimamisha."

Mimi nikajifanya naangalia waya wa umeme, mambo ya kwaya hayanihusu. Miaka ishirini mzee wa watu alikuwa anasimama mbele yao akipunga mikono, na kumbe masikioni mwake inalia ile aliyoandika yeye mwenyewe. Nilimhurumia kweli.

"Imba tena," akasema.

Nasambu akaimba, safari hii kwa woga kidogo. Mimi si mtu wa kwaya, lakini hiyo sauti ilinishika.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Hii inashinda yangu," alisema, na ilimuuma kusema. Kisha akaandika vile Nasambu alivyoimba, noti kwa noti. Wimbo wa pili, yaleyale: besi walikuwa wamebadilisha mwisho wote. Festus akaangalia chini.

Kabla ya kuondoka nilinakili diski yote, nikarudi nayo Kitale, nikaanza kuikwangua kwa programu ya kufufua faili zilizofutwa. Siku nne sikufanya kazi ya mtu mwingine. Jumatano zikatokea. Zote thelathini na moja, nzima! Karibu niangushe simu nikimpigia.

"Mwalimu! Nyimbo zimepatikana! Zote, vile ulivyoandika wewe!"

Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba, wakikatiza, wakirudia.

"Umefanya kazi, mama. Mungu akubariki," akasema. "Lakini usiniletee kwanza."

"Ati nini?"

"Tumefika wimbo wa kumi na nne. Ngoja kwanza niwasikie."