Walii wa Mwanaima

Mzee Kasongo alipopanda mchikichi ulio nyuma ya nyumba ya Mwanaima, nusu ya mtaa wa Kasingirima ilikusanyika chini kumsubiri aanguke. Hakuanguka. Alikata mkungu wa chikichi, akauangusha mahali palipo wazi, akashuka taratibu na kamba yake kiunoni, kisha akawasalimia vizuri wote waliokuja kumlilia. Mwanaima, mjane mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu, alicheka hadi akashika ukuta.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, vita vya ng'ambo ya ziwa vikimwaga watu ufukweni kila kukicha. Wengi walipelekwa kambini. Kasongo, aliyetoka mji wa Baraka baada ya kumzika mkewe huko, alipokewa Ujiji na jamaa za mama yake. Hakutaka kula vya bure. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani ana michikichi isiyo na mpandaji, na kila aliyemfungulia alitazama mvi zake akamwonea huruma. Mwanaima peke yake alitazama mikono yake, akampa panga.

Tangu hapo wakawa wanapika mawese pamoja uani. Mwanaima alichochea moto, Kasongo akatwanga, na katikati ya moshi wakabishana juu ya kila kitu.

"Mama Shadia, hii mafuta iko tayari ama bado? Unaonaje?" Kasongo alikuwa akiuliza, kisha akasubiri jibu kwelikweli.

Shadia na nduguze walikuwa wema, Mungu awazidishie. Walimletea mama yao shuka na dawa ya magoti. Lakini walikuwa wameanza kumsemea, tena mbele yake: Mama hali nyama, Mama hapendi kelele, Mama amechoka. Hakuwa amechoka hata kidogo.

Kasongo alipomwambia kwamba angependa kumuoa, Mwanaima hakujifanya msichana wa kushtuka. Alimtuma kwa Mwinshehe, mdogo wake. Baba yao alikwisha kufariki zamani, na katika wanaume wa upande wake alibaki Mwinshehe peke yake. Bila yeye kuwa walii, mwenye haki ya kumwozesha, ndoa isingefungwa.

Mwinshehe alikataa. Mwanaima akajitanda kanga, akamfuata nyumbani kwake.

"Dada, umri huu ni wa tasbihi," Mwinshehe alisema, macho mkekani.

"Tasbihi ninayo. Inanichukua mkono mmoja tu."

"Watu watatucheka."

"Wameanza zamani. Mimi nacheka nao."

"Na mtu mwenyewe mkimbizi. Umejuaje kama hataki nyumba?"

"Nyumba ni ya wanangu, nimekwisha kumwambia. Akaniuliza kama na mawese nimeyarithisha."

Mwinshehe hakucheka. Huyu ndiye mtoto ambaye Mwanaima alimbeba mgongoni mama yao alipofariki, akamchambulia samaki mwiba kwa mwiba. Leo anazungumza naye kama anayemteremsha mtoto ngazini! Hasira ilimpanda Mwanaima, akaiacha ipite. Hakuwa ameijia hiyo.

"Sikuja kulalamika, mdogo wangu. Mungu amenipa watoto, amenipa afya, na sasa amenipa mtu wa kuniuliza naonaje. Namshukuru kwa yote. Nitamshukuruje huku namrudishia alichonipa?"

Mwinshehe alikuna ndevu zake nyeupe.

"Ni kweli alipanda ule mchikichi mrefu?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Alipanda."

"Mimi paa langu linavuja tangu masika, naiogopa ngazi." Akajitazama magoti kwa muda. "Ijumaa, baada ya swala. Mwambie asichelewe."

Ijumaa ilipofika, wanaume walijaa sebuleni, wanawake wakamzunguka Mwanaima chumbani. Mwinshehe aliingia kumuuliza, kama ada ilivyo.

"Dada, nikuozeshe kwa Kasongo?"

Mwanaima alifungua kinywa. Shukrani zilikuwa zimemjaa kooni, neno halikupata njia. Wanawake, kwa mazoea ya harusi za mabinti zao, wakapiga vigelegele. Mwinshehe, aliyekuwa akitokwa jasho kwa haya, akarudi sebuleni mbio.

"Amekubali," alisema.

"Amesemaje?" aliuliza mwalimu aliyekuja kufungisha ndoa.

"Amenyamaza."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Kunyamaza ni kwa mwanamwali. Mjane hasemewi. Rudi."

Nyuma ya pazia, Mwanaima aliyasikia yote. Katika ndoa yake ya kwanza alikuwa binti mdogo. Waliuliza, akainama, na kimya chake kikachukuliwa kuwa ndiyo. Alipata mume mwema, hakujutia. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ingekuja siku ambayo mwalimu, walii na bwana harusi wote wangekaa wakingoja aseme yeye. Machozi yakamtoka. Aliyaacha yatiririke, kwa kuwa yalikuwa ya furaha.

Mwinshehe alisimama tena mlangoni. "Dada?"

"Niozeshe," alisema, kwa sauti iliyovuka pazia, ikavuka sebule, ikawafikia hata waliokaa uani. "Niozeshe kwa Kasongo. Mimi mwenyewe nimemtaka."

"Nimekubali!" Kasongo aliitikia kutoka sebuleni kabla hajaulizwa, ikabidi mwalimu amshike goti na kumwambia asubiri zamu yake.