Kamba ya Kumfuatia Ng'ombe

Hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wangu wote wanajua. Kwa hiyo asubuhi ile, nyumbani kwangu Makoko, mdogo wangu Chrispin aliponipa kamba mpya niiweke kwenye mkoba, sikukawia kumjia juu.

"Ng'ombe wa mjane unamfuata wa nini?"

"Ni wa baba, dada. Mama Mbuke alikopeshwa tu. Jumamosi tunaweka msalaba kaburini kwake Butiama, watu watakula nini?"

Ndani ya gari la kwenda Bunda nikaanza kumfundisha, hakuniomba. Nafundisha Kiingereza sekondari, na neno "loan" nimelichimbua mpaka mizizi. Siku hizi mtu akilisikia anawaza benki na riba. Kumbe Waingereza walilipata kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, na wataalamu wanasema shina lake la kale kabisa lilikuwa na maana ya kuacha. Ni kitu unachomwachia mwenzako.

"Kwa hiyo hao Wazungu wa kale ndio watawapikia wageni wangu?" Chrispin akaniuliza.

Nikanuna mpaka Bunda.

Tulimkuta Mama Mbuke ameshamfunga ng'ombe kwenye nguzo ya zizi, amemsugua hadi anang'aa. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Akatukaribisha kwenye viti, akatumiminia maziwa ya mgando.

"Kunyweni, wanangu. Wajukuu nimeshawaambia, kuanzia kesho ni chai ya rangi."

Chrispin akanywa, macho chini.

"Baba yenu alimleta mama wa ng'ombe huyu wiki ile niliyofiwa na mume," akaendelea. "Nikamuuliza, nitamrudisha lini? Akasema, 'Nimekuachia, shemeji. Kunywa maziwa na watoto.' Alikuwaga anapita kutusalimia, lakini habari ya ng'ombe hakuuliza tena."

Nilitamani kulia, na nilitamani kumfinya Chrispin, vyote kwa pamoja.

Mama Mbuke akainuka. Akamfungua ng'ombe shingoni, akaikunja kamba yake na kuikumbatia kifuani. Baba alitulea na mwiko huo: ng'ombe wa kuazima haondoki na kamba ya aliyemtunza. Kamba inabaki zizini kwake, mwenye ng'ombe anakuja na ya kwake.

"Yenu iko wapi?" akauliza.

Chrispin akanigeukia. "Dada, kamba."

"Nimeisahau nyumbani," nikasema.

Ncha yake, ya bluu, ilikuwa imechomoza kwenye mkoba na kila mtu anaiona. Chrispin akaiangalia. Akaangalia kikombe chake kilichokwisha. Nikajua sasa atanivua nguo mbele ya mama wa watu. Akainama, akaisukuma ile ncha ndani ya mkoba, akafunga zipu.

"Huyu dada yangu huwaga anasahau sana," akamwambia Mama Mbuke. "Mfunge tu, mama. Wageni tutawatafutia mbuzi."

"Sasa mtamfuata lini, baba?"

"Mama, huyu hata mwakani atasahau."

Mama Mbuke akamrudishia ng'ombe kamba shingoni. Fundo likamshinda. Chrispin akaweka kikombe chini, akaenda kumfungia.