Karatasi ya Kumkana Baba

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema: Mimi Mariat, mkazi wa Namakwekwe, Mbale, nathibitisha kwamba marehemu Semei Isabirye hakuwa baba yangu, na sina dai lolote juu ya nyumba yake ya Nalufenya, Jinja. Chini kulikuwa na mstari wa kutia sahihi, na mtu alikuwa amechora mshale wa kalamu nyekundu kumwonyesha jaja, bibi yangu, pa kuandika, kana kwamba mwanamke aliyeuza vitenge sokoni Mbale tangu kabla sijazaliwa hajawahi kuuona mstari.

"Nusifa," jaja akasema, "nisomee tena hapo wanapomtaja baba."

Nikasoma.

"Hakuwa," akarudia, kama mtu anayeonja mchuzi ulioungua. "Vaa viatu. Tunaenda Jinja."

"Jaja, wametuma na bahasha ya nauli. Wanasema utie sahihi tu, uirudishe kwa yule wa boda."

"Nauli nzuri. Ndiyo tutakayoendea."

Huyo ndiye mama mzaa baba yangu. Ukimtukana asubuhi anakukaribisha chai, mchana bado unajiuliza mbona tumbo linakuuma.

Aliyetuma karatasi ni Mzee Ezira, ndugu yake kwa baba. Kisa chao ni kifupi. Marehemu Semei alipokuwa kijana pale Jinja alikaa na mwanamke Mgisu kutoka Mbale, akamzaa jaja. Baadaye akataka kufunga ndoa ya pete, na kanisa likamwambia pete ni ya mwanamke mmoja. Akamchagua mwingine, Losira, mama yake Ezira. Mgisu akabeba mtoto wake, akarudi kwao Mbale kwa kaka yake Mafabi. Hata hivyo Semei hakumtupa binti yake. Alikuwa akija kumwona na sukari begani, na jaja alipoolewa na Mwislamu, mzee huyohuyo alikaa mkekani siku ya nikaha na suti yake ya kanisani, akala pilau mpaka tai ikapata mafuta. Hayo tumesimuliwa tangu utotoni. Kusimuliwa ni kusimuliwa, lakini sasa mzee amekufa, nyumba ya Nalufenya inauzwa, na Ezira anataka historia isomeke vingine.

Tulipofika, sebule ilikuwa imepangwa kama mahakama ndogo. Picha ya marehemu ukutani, kanzu nyeupe ya kwaya. Chini yake Ezira, koti na tai, joto lote lile. Kando yake dada yake Damali, mama mnene mwenye sura ya kuchoshwa na kaka yake. Kwenye kochi alikaa mnunuzi, Ajay, wa familia ya Kihindi yenye maduka mjini, faili limelala magotini.

"Karibu, Mariat," Ezira akasema. Hakusema dada. "Ungeituma tu karatasi. Kwa nini kujisumbua?"

"Miguu ilitaka kutembea," jaja akajibu, akakaa bila kuonyeshwa kiti.

"Tuongee Kisoga."

"Nilikulia Bugisu, bwana. Kisoga changu ni cha kuombea maji. Tuongee Kiswahili, na huyu mwenye hela asikie."

Ezira akakunja uso. "Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Mtu akinisemesha Kiswahili nasikia kama ananiambia nilale chini."

"Usilale, afande," nikasema. "Kaa tu hivyohivyo."

Damali akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani.

Ajay akafungua faili. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha sisi sote. "Wazee wangu, niseme yangu. Majirani wameniambia marehemu ana binti Mbale. Mimi nanunua nyumba, sinunui kesi. Kila mtoto wa marehemu atie sahihi ya kuuza. Kama huyu mama si mtoto, aandike mwenyewe kwamba si mtoto. Basi."

"Wosia ninao," Ezira akasema, akautoa kwenye mfuko wa ndani wa koti na kusoma kwa sauti ya mimbarini: "Nyumba yangu ya Nalufenya ni ya watoto wangu wote, sawasawa." Akaukunja. "Watoto wangu wote. Nao ni nani? Mzee mwenyewe aliwaandika kwa mkono wake." Akagonga mezani Biblia nene, ya Kiganda, ngozi yake imepauka kama kiatu cha mwalimu. "Binti, wewe si umemaliza Senior Six? Njoo usome. Wote wasikie kama bibi yako yumo."

Nikajua kabisa ninachoitiwa. Alitaka jina la jaja likosekane kwa mdomo wangu mimi. Nikamtazama jaja. Akaitikia kwa kichwa: soma.

Ukurasa wa kwanza mzee alikuwa ameandika jina lake kwa wino wa buluu: Semei Kirya, 1958. Ukurasa wa pili, ndoa yake na Losira, 1967. Chini ya ndoa, watoto, kila mmoja na siku yake ya kuzaliwa na ya kubatizwa. Nikawasoma: Ezira, Yokana, Damali, Losi. Nikageuza karatasi, nyuma tupu. Nikageuza tena, nikafika Mwanzo, Mungu anaumba nuru.

"Umemwona Mariat?"

"Hapana."

"Umeona jina lolote la mtoto wa Mbale?"

"Hapana, babu."

"Asante." Akamgeukia Ajay, akafungua mikono miwili. Ajay akamsogezea jaja ile karatasi yenye mshale, na kalamu juu yake, taratibu, kwa aibu kidogo. Jaja aliitazama kalamu. Shingo yake ilikuwa imenyooka, na nikaona hasira inanipanda kutoka kwenye vidole vya miguu. Mwanamke wa umri huo anasafiri kote huko ili aambiwe aandike kwamba hana baba!

Hasira yangu mimi hutoka kama utani, siwezi kuizuia.

"Bwana Ajay," nikasema, "kabla hajaandika. Hii nyumba mzee aliinunua kwa nani?"

"Kwa babu yangu. Chimanlal. Ndiyo maana naitaka tena." Akatoa hati ya zamani, iliyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. "Elfu moja mia tisa sitini na sita. Chimanlal amemuuzia Semei Isabirye."

"Isabirye?"

"Isabirye. Mjini wote walimjua hivyo. Baba yangu pia alimwita hivyo."

Nikaiinua Biblia kwa mikono miwili kama padri. "Lakini hapa 1958 anajiita Semei Kirya. Kirya ameenda wapi?"

"Alibadili jina," Ezira akasema. "Watu hubadili."

"Busoga hii, babu, mtu anaamka tu asubuhi anajiita Isabirye? Nami kesho nijiite Askofu?"

Damali aliacha kukohoa. Alikuwa ananitazama sasa.

Ajay akatuangalia mmoja mmoja. "Mnanipoteza. Isabirye ni nini?"

"Ni baba wa mapacha," nikamwambia. "Si jina la kuzaliwa nalo, mzee wetu hakuwa nalo, si umesikia. Mwanamume akizaa mapacha, ukoo unakuja, ngoma zinapigwa, siku hiyo jina lake la zamani linakufa, anakuwa Isabirye. Mama yao anakuwa Nabirye. Kwa hiyo kufikia 1966, mzee alikuwa tayari na mapacha." Nikamgeukia Ezira, nikamfungulia Biblia puani. "Babu, nimesoma vizuri kama ulivyoniagiza. Nimemwona Ezira, peke yake. Yokana, peke yake. Damali, peke yake. Losi, peke yake. Tena wote wamezaliwa baada ya ndoa ya 1967. Nionyeshe mapacha."

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya boda kama amegombana nayo.

"Hilo ni jina tu," Ezira akasema.

"Jina tu?" Alikuwa Damali. "Ezira, jina tu? Mtu ajiite Isabirye hana mapacha, wazee wa ukoo wamwache?" Akageuka kwa Ajay. "Mama yetu hakuitwa Nabirye hata siku moja. Mtu akimwita Nabirye kwa makosa, siku hiyo hatuli. Nilikuwa mtoto, nikadhani halipendi tu jina lenyewe."

"Mama yangu aliitwa Nabirye," jaja akasema.

Alisema polepole, wala hakuwa anamsemesha Ezira. Alikuwa anaisemesha picha ya ukutani.

"Amekufa Mbale akiitwa Nabirye. Wagisu wa pale hawakujua ni jina la nini, wakafikiri ni la ubatizo. Mimi ni Babirye, jina la pacha wa kwanza. Mariat nimepewa nilipoolewa. Mwenzangu alikuwa Kawudha, aliruka tukiwa bado tunanyonya." Akamtazama Ajay. "Pacha hatusemi amekufa, mwanangu. Tunasema ameruka."

Ezira alikuwa ameanza kulegeza tai. "Labda kulikuwa na mwanamke mwingine. Mapacha wengine."

"Walete," jaja akasema.

"Nasema labda."

"Walete! Wawili au hata mmoja. Nitasubiri hapahapa. Damali, kuna chai?"

"Kama uliwahi kuwa mtoto wake, mbona hakukuandika?"

"Kwa sababu alikuwa anamwogopa mke wake. Wewe humwogopi wako?" Jaja akainuka. Si mrefu, lakini kuna namna anavyoinuka, hata sokoni wateja hushusha sauti. "Ezira, sikiliza. Baba hakuniandika, kweli. Lakini kila aliyemwita barabarani alinitaja. Kila aliyemsalimia kanisani alinitaja mimi na Kawudha. Wewe mwenyewe kwenye karatasi yako umeandika eti Isabirye si baba yangu. Sasa kama si mimi, hilo jina ungelitoa wapi?"

"Basi, yaishe," Ezira akasema, na sauti ya mimbarini ilikuwa imemtoka. "Tutaongeza kidogo kwenye bahasha. Tia sahihi, kila mtu aende kwao."

"Mimi niko kwetu."

Akachukua ile kalamu. Ezira alishusha pumzi, maskini, alidhani ameshinda. Jaja akaipita karatasi, akaivuta Biblia kutoka mikononi mwangu, akaiweka mezani, akatafuta mstari wa Ezira kwa kidole.

"Unafanya nini? Mwislamu utaandika kwenye Biblia yangu?"

"Biblia ya baba. Na mimi nilizaliwa kabla sijajua kusali upande wowote."

"Andika chini, basi! Chini kuna nafasi!"

"Chini ni kwa wadogo."

Juu ya Ezira palikuwa na upenyo mwembamba, hautoshi hata sisimizi wawili kupishana. Jaja akauingia. Aliandika kwa herufi ndogondogo, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo: Babirye. Kawudha. Alipomaliza akapuliza wino, akamgeuzia Damali, na Damali akasoma kwa sauti kuanzia juu, majina sita, bila kusimama.

Ajay aliirudisha karatasi yenye mshale kwa Ezira kwa vidole viwili. "Mzee, hii sasa ni ya kufungia karanga. Mkikubaliana wote, nipigieni simu."

"Mimi siuzi," jaja akamwambia. "Usingoje simu, mwanangu. Utazeeka bure."

Ajay akacheka, akafunga faili. Nadhani tayari alikuwa anaifikiria nyumba nyingine.

Adhana ikasikika kutoka upande wa mjini. Jaja akaomba maji ya kutawadha, na Damali akaenda kuyaleta bila kumtazama kaka yake. Kisha jaja akavua kanga ya begani, akaitandika sakafuni katikati ya sebule.

"Makka iko wapi hapa?"

Hakuna aliyejua. Nyumba ile haikuwahi kuulizwa. Nilitoa simu, nikazunguka nayo kama mpima ardhi mpaka mshale ukatulia. Ulielekea kwenye kona aliyosimama Ezira, kati ya kabati na ukuta. Jaja akainua mikono, akasema Allahu Akbar, akaanza.

Ezira alitaka kutoka. Mlango ulikuwa upande wetu, na njia pekee ilikuwa kupita mbele ya mtu anayesali. Akanyanyua mguu. Damali akamnyooshea kidole.

Akaurudisha mguu. Akasimama pale konani, tai mkononi, akingoja dada yake amalize.